Albamu Tulizozipa Kisogo

Sijui ni walimu wangapi wa Kiswahili katika nchi hii waliosoma Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, wakawafafanulia wanafunzi wao aya baada ya aya. Bila shaka ni wengi. Je, ni wangapi miongoni mwao waliopata kuisikia sauti ya Siti mwenyewe? Hapo hesabu hupungua ghafla. Mwanamke huyo wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 pamoja na wanamuziki wenziwe ili kurekodi santuri, na baadhi ya santuri hizo zingalipo. Twajua alikotoka, twajua alivyoondoka shamba akaenda mjini, twajua kwamba alifariki mwaka 1950. Lakini kile hasa kilichomfanya astahili kuandikiwa wasifu, yaani koo lake, hatuna habari nacho. Ni mfano wa mtu kufundishwa utamu wa embe kwa kuonyeshwa kokwa.

Makala haya ni mapendekezo ya mpenzi wa muziki kuhusu albamu ambazo, kwa maoni yangu, hazijapewa haki yake. Sisemi kwamba hazijulikani kabisa. Baadhi yake zinajulikana sana, ila ng'ambo. Nyingine zinajulikana huku kwetu, ila kama viburudisho vya arusi na vilabu tu. Haki ninayoizungumzia ni ile ya kusikilizwa kama kazi za lugha, kwa makini yale yale tunayoyatumia tunapoisoma diwani. Fauka ya hayo, ningependa ifahamike mapema kwamba nimechagua kwa sikio la mtu ambaye kazi yake ni kufundisha isimu, na ambaye kila mara husikia neno kabla ya kusikia gitaa. Atafutaye dansi pekee huenda akaniona mchoshi.

Naanza na Mtindo wa Mombasa, albamu ya Zein Musical Party iliyotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwaka 1990. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mzaliwa wa Lamu aliyefanya makao yake Mombasa, na wapo wengi, nami nimo, waaminio kwamba mwambao wetu haujapata mpigaji udi wa kumshinda. Alishirikiana na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mtafiti ambaye wanafunzi humkumbuka zaidi kwa maneno aliyoyabuni kama vile runinga, katika kuzifufua tungo kongwe za pwani na kuzitia sauti. Kwa hiyo anayemsikiliza Zein hasikilizi taarab tu, anasikiliza maktaba.

Wanafunzi wetu wa shule za sekondari hufundishwa kwamba wimbo ni bahari yenye mishororo 3 katika kila ubeti, mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwenye ukwapi na 8 kwenye utao, pamoja na kina cha kati na kina cha mwisho. Nao huhesabu kwa vidole, huandika jibu, hupata alama zao na kwenda zao. Kwa nini mshairi ajitie katika kifungo hicho, hawaambiwi, au huambiwa kwamba ni kwa ajili ya "urembo." Msikilize Zein uone. Silabi yenye kina huvutwa, hupandishwa na kushushwa, kisha huachiwa udi uimalizie. Silabi nyingine hupitwa mbio kana kwamba hazina uzito wowote. Karatasini mizani ni sawa sawa, ilhali masikioni silabi moja yaweza kuwa na urefu wa silabi sita. Hapo ndipo mwanafunzi anapotambua kwamba kina ni mahali pa kupumulia, kizingiti ambapo ala huupokea usemi kutoka kwa mwimbaji. Pasipo kizingiti hicho, mpigaji hajui aingilie wapi. Ninaamini kwamba dakika 10 za albamu hii zinaweza kufanya kazi ambayo vipindi vizima vya kuhesabu silabi vimeshindwa kuifanya.

Jambo la pili ni matamshi. Maandishi yetu ya kawaida hayamtofautishi paa wa porini na paa la nyumba, wala kaa wa baharini na kaa la moto. Mswahili wa Mvita au wa Lamu huwatofautisha barabara: paa mnyama na kaa wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, na wale wenzao hutamkwa bila mpumuo. Vivyo hivyo iko t ya meno na iko t ya ufizi, na kwa wenyewe hizo si sauti moja. Tofauti zote hizi hupotea pindi wino unapogusa karatasi. Kwenye santuri hazipotei. Mwalimu wa Kitale au wa Embu ambaye hajapata kuishi pwani ana njia gani nyingine ya kumwonyesha mwanafunzi wake kwamba Kiswahili kina sauti ambazo alfabeti yake haizifahamu?

Kwa wale watakaomwona Zein kuwa mzito mno, ipo Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh, iliyotolewa na kampuni iyo hiyo mwaka 1992. Humu chakacha imeingia katika taarab kwa miguu yote miwili, na sauti ya Zuhura ni kali, haibembelezi mtu. Mswahili akilisikia jina la albamu hulimalizia mwenyewe kwa methali: si dawa ya pengo. Ndivyo taarab ifanyavyo kazi yake. Husema nusu, nusu ya pili ikamaliziwa na aliyekusudiwa, naye hujijua. Wapenzi wa etimolojia nao watapata lao humu, kwani mojawapo ya ala zinazovuma katika muziki huu ni taishokoto, kinanda cha nyuzi chenye vibonye. Asili yake ni Japani. Taisho ni jina la zama za mfalme wa huko zilizoanza mwaka 1912, na koto ni ala yao ya jadi ya nyuzi. Kinanda hicho kilivuka bahari kikatua Mombasa, nalo jina lake likabaki karibu vile vile lilivyokuwa. Tuna maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza katika vitabu vyetu vya isimu. Hili la Kijapani, linalochezewa arusini, sijaliona likitajwa darasani.

Hebu sasa tuondoke pwani tuelekee magharibi mwa Kenya. Albamu ninayotaka kuipigia debe kwa nguvu zaidi kuliko zote ni Furaha Wenye Gita ya George Mukabi. Mukabi, mwana wa Kisa, alifariki mwaka 1963. Nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa katika albamu mwaka 2017, miaka 54 baadaye, na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Olvido. Mtindo wake huitwa omutibo. Kidole gumba hushika besi, kidole cha shahada hucheza juu yake, na kando yake mwenzi mmoja hukwaruza na kugonga chupa ya Fanta, ambayo migongo yake ya kioo iligeuzwa kuwa ala. Watu wawili tu, nawe waweza kuapa kwamba ni wanne.

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataanza kazi papo hapo kwenye jalada. Kihusishi kiko wapi kati ya furaha na wenye? Na mbona gitaa limepoteza irabu moja? Akiingia ndani ya nyimbo wino utamwishia. Namsihi aiweke kalamu chini. Mukabi alikuwa na lugha ya mamaye, tena lugha yenye nyimbo tele, lakini alipotaka kusikika zaidi ya ridge na mito ya kwao aliimba Kiswahili. Santuri ya Kiswahili ingeweza kupigwa Kisumu, Nakuru, Nairobi na hata Kampala. Hiki ndicho Kiswahili cha bara katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960: cha wapishi, makarani, askari na vibarua, kilichosemwa na watu ambao hakuna aliyewatahini. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ndio uliokuja kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo Mukabi alikuwa amekwisha kukifanya lugha ya kulilia na kubembelezea mpenzi. Wanahistoria wa lugha husumbuka wakitafuta ushahidi wa jinsi watu wa bara walivyokisema Kiswahili kabla ya shule kukinyoosha. Ushahidi ndio huu, una sauti, una jina la msemaji, na unapendeza kuusikiliza.

Mwalimu anayetaka kulinganisha na amweke Mukabi kando ya Fundi Konde, mzaliwa wa pwani, ambaye nyimbo zake za kati ya mwaka 1947 na 1956 zilikusanywa katika albamu iitwayo Retrospective. Konde alipata kuwa askari katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akaishi hadi mwaka 2000. Kiswahili chake ni laini, chenye adabu na mpangilio, na gitaa lake halina haraka. Zama ni karibu zile zile, koloni ni lile lile, na lugha inayoitwa kwa jina moja. Lakini sikio litakwambia kwamba unasikiliza nyumba mbili tofauti. Sitaki kuulizwa ipi ni sanifu.

Ng'ambo ya mpaka wa kusini nachagua albamu moja tu, Sikinde ya Mlimani Park Orchestra, iliyotolewa na kampuni ya Africassette ya Detroit mwaka 1994. Bendi hiyo ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1978, na waliovuma nayo ni pamoja na Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, na Hassan Bitchuka. Watanzania watanicheka kwa kuiita bendi hii iliyosahauliwa, kwani kwao ni kama chumvi. Nazungumzia darasa la Kenya. Nyimbo zao ni ndefu. Kwanza huja kisa, kikisimuliwa taratibu: mume aliyepotoka, barua isiyojibiwa, wakwe wasiokubali. Kisa kikishaiva mwendo hubadilika, maneno hupungua, na magitaa hushika usukani. Ukiyaandika maneno ya sehemu ile ya kwanza utapata hadithi fupi iliyokamilika, yenye msimulizi, mgogoro na taharuki, katika Kiswahili ambacho hata mtahini mkali hatakitia dosari. Ningekuwa na mamlaka, ningeiingiza katika orodha ya vitabu teule.

Yamkini msomaji atauliza kama mpenda Kiswahili haruhusiwi kupenda kingine. Anaruhusiwa. Piny Ose Mer ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, iliyotolewa mwaka 1989, imeimbwa kwa Dholuo, nami huwapendekezea hasa wanafunzi wa tafsiri. Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940, na mauti yakamkuta Kisumu katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Kwenye jalada jina la albamu limetiwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya dunia iliyopinduka juu chini. Lakini Mjaluo hakusema imepinduka, amesema imelewa. Hizo ni picha mbili tofauti kabisa. Kitu kilichopinduka hakina lawama, ilhali mlevi alikunywa mwenyewe. Kiswahili kingeweza kuibeba picha ya Kijaluo bila taabu, dunia imelewa, na kila mtu kuanzia Vanga hadi Busia angeelewa. Tumezoea kuzifikia lugha za jirani zetu kwa kupitia London, na mzigo hupungua njiani.

Ayub Ogada simpendekezi kwa urefu, kwa sababu huko nje hana upungufu wa wapenzi. En Mana Kuoyo, yaani ni mchanga tu, ilitolewa na Real World mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ukatumiwa katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Ogada alifariki mwaka 2019. Nimekutana na wanafunzi waliojua vyema majina ya waigizaji wa filamu ile, wasijue kwamba sauti iliyowatoa machozi ilikuwa ya Mkenya mwenye nyatiti ya nyuzi 8.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya walimu wenzangu watalikunja gazeti. Albamu iitwayo Kilio cha Haki ilitoka mwaka 2004, ikiwa na sauti za vijana wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wakiwemo wale wa Ukoo Flani Mau Mau. Miaka mitatu kabla yake Kalamashaka wa Dandora walikuwa wametoa Ni Wakati. Majina yote mawili ya albamu ni Kiswahili ambacho hakuna wa kukikosoa. Ndani yake ni Sheng, tena ya moto. Si kila wimbo ni mzuri. Mwingine ni kelele za mkutano wa hadhara zilizotiwa ngoma, na mwingine hurudia tusi moja hadi likapoteza makali. Hata hivyo, ichukue mishororo ya wale walio hodari uipime. Kina hutua katikati ya mshororo, kisha hutua tena mwishoni. Ukwapi na utao vimerejea kwa mlango wa nyuma, vikiwa vimevaa kofia ya kijana wa Dandora, naye hakuambiwa na mtu kwamba ni urithi wake. Kadhalika Sheng huchakaa upesi. Mwanafunzi wa leo hawezi kuifuata Sheng ya mwaka 2004 pasipo kuelezwa maneno, kama asivyoweza kumfuata Zein pasipo kuelezwa Kiamu. Ajabu ni kwamba anapokwama kwa Zein tunasema Kiswahili ni kigumu, anapokwama kwa Kalamashaka tunasema Kiswahili kimeharibika.

Ni kipi basi kilichotufikisha hapa? Kwa upande mmoja ni mtindo wetu wa kutahini. Katika karatasi ya fasihi, wimbo huchapishwa kama kitu kisicho na mwenyewe. Mtahiniwa huulizwa ni wimbo wa aina gani, ataje sifa zake na dhima zake. Hakuna aliyeutunga, hakuna aliyeuimba, hakuna mwaka. Nyimbo nilizozitaja zina watu, na watu hao walikuwa na majina. Kwa upande mwingine ni uhaba wa maandishi. Msomaji atakuwa ametambua kwamba kampuni zilizozitoa albamu hizi nyingi ni za London, za Detroit na za kwingineko, nazo zilikuwa na wanunuzi wao ambao hawakuhitaji kuyasoma maneno ya Kiswahili. Kitabu kimoja tu cha maneno ya nyimbo hizi, yaliyonukuliwa kwa uaminifu na kufafanuliwa kwa Kiswahili, kingetufaa kuliko miongozo yote inayouzwa kando ya vituo vya matwana.

Unukuzi wenyewe si kazi ya mchezo. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wimbo mmoja wa Kiamu waunukuu. Mwimbaji alitamka mato. Karibu wote waliandika macho, wala hawakujua kwamba wamesahihisha. Sikio lilitii kitabu cha darasa la nne. Kisha, walipofika kwenye uhakiki, wakamshutumu mtunzi kwa kukiuka kina, maana mishororo mingine iliishia kwa to na huu ukaishia kwa cho. Marehemu wa watu, hakuwa na kosa lolote.

Orodha yangu ina pengo moja kubwa. Mohamed Khamis Juma Bhalo alizaliwa Malindi mwaka 1942, akafariki mwaka 2014, na kwa miongo mingi sauti yake ndiyo iliyokuwa sauti ya arusi za Mombasa. Aliimba tungo za Ahmad Nassir, yule ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, imo katika maktaba zetu ikipigwa vumbi. Kalamu ya mmoja na koo la mwingine vilikuwa kitu kimoja. Lakini sina albamu moja ya kukuambia, msomaji, kwamba hii ndiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya Bhalo ilitawanyika katika kanda, nyingine zikirekodiwa arusini penyewe, huku vigelegele vikiingia katikati ya ubeti, kisha zikanakiliwa kanda kwa kanda hadi mwimbaji akazamishwa na mvumo. Joto na unyevu wa pwani hunatisha utepe. Mwenye kanda kama hizo sandukuni asizipige kwa kujaribu kama bado zinalia, maana huenda zikalia mara moja tu. Na azipeleke kwa mtu mwenye mashine safi, azinakili katika upigaji huo wa kwanza, na kando yake aandike karatasini jina la mtunzi, arusi ilikuwa ya mtaa gani na mwaka gani, kwa kuwa hayo hayamo kwenye utepe na waliohudhuria wanazidi kupungua.